Shambulio la Wiki ya Sita: Hulka, Msongo na Pumu katika Kisa cha Mtoto Mmoja

Kisa ninachokieleza hapa nimekiunda kwa kuunganisha habari za watoto kadhaa waliofanana, ili asitambulike mtoto wala mzazi yeyote. Hata hivyo, kila sehemu yake ni jambo ambalo mtu anayehudumia watoto wenye pumu hukutana nalo kliniki. Nimekichagua kwa sababu kinagusa swali ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini wakiwa wameshika kitasa cha mlango, baada ya maswali mengine yote kujibiwa.

Mtoto ni wa kiume, na alipofikishwa kwetu alikuwa na umri wa miaka 6 na miezi 2. Katika miezi 12 iliyotangulia alikuwa amepewa vidonge vya steroidi, dawa inayopunguza uvimbe wa njia za hewa, mara nne na kulazwa mara moja. Dawa ya kuzuia, yaani steroidi ya kuvuta ya kila siku, aliandikiwa tangu akiwa na miaka 4, na mama yake alisema kwamba anampa bila kukosa. Kipimo cha kupuliza kilionyesha njia za hewa zilizobana, na dakika 15 baada ya kuvuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, kiasi cha hewa anachotoa katika sekunde ya kwanza kiliongezeka kwa asilimia 16, wakati kwa mtoto ongezeko linalozidi asilimia 12 ndilo tunalolihesabu kuwa la maana. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe haukuwa na utata. Utata ulikuwa katika swali la kwa nini mtoto anayepewa dawa inayofaa aendelee kubanwa kiasi hicho.

Historia yake ilianza kabla hajazaliwa. Mama alikuwa na pumu utotoni, na baba hupiga chafya na kuwashwa macho karibu mwaka mzima. Mtoto alizaliwa kwa wakati, akiwa na uzito wa kawaida. Alipofika miezi 3 alianza ukurutu mashavuni na kwenye viwiko, ule ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Mpaka hapo tuna mtoto ambaye urithi wake peke yake ungetosha kumweka katika kundi la hatari, na ni vizuri msomaji alishike hilo mapema, kwa sababu mengine yote nitakayosema kuhusu hulka na msongo yanakaa juu ya msingi huo.

Mama alinieleza jinsi mtoto alivyokuwa akiwa na miezi 4. Kifuniko cha sufuria kikianguka, mtoto alikunja mgongo kama upinde, akarusha mikono na miguu, akalia mpaka akapoteza pumzi, na kumtuliza kukachukua nusu saa. Mgeni akiingia, alimtazama bila kupepesa, kisha midomo ikaanza kutetemeka. Dada yake mkubwa hakuwa hivyo hata kidogo. Yeye angelala kelele zote zikiendelea.

Tofauti hii imechunguzwa kwa muda mrefu. Alexander Thomas na Stella Chess walianza mwaka 1956, huko New York, kuwafuatilia watoto tangu uchanga, wakaonyesha kwamba watoto huja na namna zao za kuitikia dunia: wapo wepesi kuzoea, wapo wanaochelewa kuzoea, na wapo ambao kila badiliko kwao ni vita. Baadaye Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wa miezi 4 vitu vigeni, akawasikilizisha sauti na kuwanusisha harufu wasizozijua, na akaona kwamba takriban asilimia 20 yao walijitupa na kulia kwa nguvu. Wengi miongoni mwa hao walikuja kuwa watoto waoga na wenye kujizuia mbele ya wageni. Hii ndiyo ninayoiita hulka katika maandishi haya, yaani kiwango ambacho mwili wa mtoto huitikia jambo jipya na muda unaohitaji kurudi katika utulivu. Haihusiani na malezi mabaya, wala si ugonjwa.

Mtoto huyu alipokuwa na miezi 2, bibi yake mzaa mama, ambaye ndiye aliyekuwa akisaidia nyumbani, alifariki. Baba alikuwa akifanya kazi mbali na alirudi mara moja kwa mwezi. Mama alikaa miezi kadhaa akiwa na huzuni nzito, hana usingizi, akimlea peke yake mtoto asiyetulizika pamoja na binti wa miaka 4. Mtoto alipofika miezi 5 alipata maambukizi ya virusi kwenye vijia vidogo vya hewa, akalazwa siku mbili kwa oksijeni. Baada ya hapo, kila mafua yalipomshika, kifua kilitoa mluzi.

Ni rahisi sana kuyapanga matukio haya katika mstari na kusema kwamba huzuni ya mama ilileta pumu ya mtoto. Nataka nikae hapa kidogo, kwa kuwa kosa hilo limewahi kufanywa na watu wenye elimu kubwa na limewaumiza akina mama wengi. Katika miaka ya 1940 Franz Alexander wa Chicago na wenzake walifundisha kwamba pumu ni kilio cha kumtafuta mama kilichozuiwa kifuani. Kutokana na fikra za namna hiyo, watoto wenye pumu kali walipelekwa kukaa miezi mingi katika vituo mbali na wazazi wao, mashuhuri kati ya vituo hivyo kikiwa kile cha Denver, Marekani, na wengi wao walipata nafuu huko. Nafuu hiyo ikachukuliwa kuwa ushahidi dhidi ya wazazi, ingawa mtoto aliyehamishwa alikuwa ameachana pia na vumbi la godoro lake, wanyama wa nyumbani na moshi wa sigara.

Mwaka 1969 Kenneth Purcell na wenzake, huko huko Denver, walifanya jaribio ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Badala ya kumwondoa mtoto, waliiondoa familia. Watoto 25 walibaki katika nyumba zao, na vumbi lao na vitanda vyao, wakitunzwa na mlezi mwingine kwa wiki mbili huku wazazi na ndugu wakikaa kwingine. Watoto 13, ambao kabla ya jaribio walikuwa wametambuliwa kuwa hisia huwaamshia mashambulio, walipata nafuu. Wale 12 waliobaki hawakubadilika sana. Tafsiri yangu ni kwamba pumu haifanani kwa watoto wote: kuna mtoto ambaye njia zake za hewa husikiliza hali ya nyumba, na kuna ambaye hazisikilizi. Na katika taasisi ya Denver iliyokuwa ikiwapokea watoto hao ndimo Kimishige na Teruko Ishizaka walipoigundua kingamwili ya IgE mwaka 1966, ambayo ni kiungo kikuu cha mzio. Elimu ya mzio na elimu ya hisia zilikaa chini ya paa moja, na bado ilichukua miongo mingi kuziunganisha.

Uchunguzi uliofuata ulifanywa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwaanza watoto kabla hawajaugua. Huko Denver pia, Mary Klinnert na David Mrazek waliwafuatilia watoto 150 waliokuwa na hatari ya kurithi pumu, wakazihoji familia mtoto akiwa na wiki 3 tu. Ugumu wa malezi uliotambuliwa mapema hivyo ulihusiana na pumu iliyoonekana mtoto alipofika umri wa miaka 6 hadi 8, pamoja na kiwango cha IgE na maambukizi ya kifua ya mwaka wa kwanza. Rosalind Wright na wenzake wa Boston walichapisha mwaka 2002 habari za watoto wachanga 496 wa familia zenye mzio: msongo wa mlezi mtoto akiwa na miezi 2 hadi 3 ulitabiri mluzi wa kifua katika miezi 14 ya kwanza, hata baada ya kuzingatia sigara, unyonyeshaji na maambukizi. Waliuliza pia swali la upande wa pili, kama ni mluzi wa mtoto unaomletea mlezi msongo, wakakuta kwamba mluzi haukuutabiri msongo uliokuja baadaye.

Swali hilo la upande wa pili ni la lazima katika kisa chochote cha namna hii. Mtoto anayewashwa na ukurutu hulala vibaya, na aliyelala vibaya hulia, na anayelia huandikwa kwenye faili kuwa “msumbufu”. Sehemu ya kile tunachokiita hulka huenda ikawa ngozi inayowasha au kifua kilichoanza kubana kabla hatujakisikia. Kwa mtoto wetu naamini hulka ilitangulia, kwa sababu mama alikuwa na kumbukumbu za wazi za mtoto aliyeshtuka kupita kiasi tangu wiki za kwanza, kabla ngozi haijaharibika. Lakini sehemu ya usumbufu wa mwaka wake wa pili naiweka upande wa ukurutu, na ninajuta kwamba hakuna aliyeutibu kwa bidii.

Mwili hufanya nini basi? Mtoto anaposhtuka, ubongo hutuma taarifa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka, kupitia neva: adrenalini hupanda na kuilegeza misuli ya njia za hewa, lakini neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani, ikiitikia kwa nguvu, hasa baada ya mshtuko, kemikali yake iitwayo asetilikolini huibana misuli hiyo hiyo. Njia ya pili ni ya polepole, kutoka haipothalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, hadi tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na tunda lake ni homoni ya kotisoli. Kotisoli hupunguza uvimbe, kwa hiyo mtu angetegemea mtoto mwoga, ambaye huitoa kwa wingi, awe na kinga dhidi ya pumu. Mambo huenda kinyume pale msongo unapodumu. Seli za kinga zinazosikia kotisoli kila siku hupunguza vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, kama mtu anayekaa karibu na mashine ya kusaga ambaye hatimaye haisikii tena. Na upande wa tezi zenyewe, Angelika Buske-Kirschbaum na wenzake nchini Ujerumani walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wenye pumu ya mzio, wakiwekwa mbele ya watu wazungumze na kufanya hesabu, hutoa kotisoli kidogo kuliko wenzao wenye afya.

Mwaka 2006 Gregory Miller na Edith Chen walipima seli nyeupe za damu za watoto wenye pumu. Wale waliokuwa wanaishi katika msongo wa muda mrefu, kisha wakapatwa na tukio zito la ghafla, walikuwa na ujumbe wa jeni wa kutengeneza kipokezi cha kotisoli uliopungua mara 5.5, na ule wa kipokezi cha beta-2 uliopungua mara 9.5, ukilinganisha na watoto wenye pumu wasio na mizigo hiyo. Kipokezi cha kwanza ndicho steroidi ya kuvuta inachokitumia kufanya kazi, na cha pili ndicho kinachopokea salbutamoli. Mtoto aliyelemewa, kwa maneno mengine, anaweza kuwa amepewa dawa sahihi kwa kipimo sahihi, na mwili wake ukawa umefunga mlango wa kuipokelea.

Sasa nirudi kwenye chumba cha kliniki. Mama alikuwa ameleta daftari dogo la shule, jalada lake limejikunja pembeni, ambamo kwa miaka miwili alikuwa ameandika kila usiku wa kikohozi kwa alama ya msalaba na kila shambulio kwa duara. Pembeni, kwa wino mwingine, alikuwa ameandika mambo ya nyumbani: “ameanza chekechea”, “baba amehama”, “mwalimu mpya”. Katika ziara zilizotangulia sisi wahudumu tulikuwa tunatafuta sababu ya kila shambulio katika siku moja au mbili zilizopita, tukauliza kuhusu vumbi, paka, mafua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya hivyo. Safari hii tulihesabu wiki. Baba alihama moja kwa moja mwezi ambao mtoto alifikisha miaka 5 na miezi 3. Siku iliyofuata kulikuwa na usiku wa kikohozi, kisha hali ikatulia, na shambulio lililomlaza likaja katika wiki ya sita. Mwalimu alibadilika miezi saba baadaye. Mluzi ulisikika siku ya pili, kisha kozi ya vidonge ikahitajika wiki ya tano.

Daftari la mtoto mmoja halithibitishi chochote, na mafua yana majira yake. Lakini mpangilio huu una mwenzake. Seija Sandberg na wenzake, huko Uingereza, waliwafuatilia watoto 90 wenye pumu, wa miaka 6 hadi 13, kwa miezi 18. Walionyesha kwamba tukio zito la maisha huongeza hatari ya shambulio, zaidi kwa mtoto ambaye tayari anaishi katika msongo, na katika uchambuzi wao wa mwaka 2004 hatari hiyo ilipanda katika nyakati mbili: ndani ya siku 2 za kwanza, na tena kati ya wiki ya 5 na ya 7. Wimbi la kwanza linaweza kuelezwa na neva na pumzi ya kilio. La pili linafanana zaidi na kinga iliyoyumba taratibu, ikaacha uvimbe ujijenge bila dalili za kumshtua mtu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami nadhani lilikuwa na uzito mkubwa hapa. Nilimwomba mama ampe mtoto dawa ya kuvuta mbele yangu. Alitoa kopo la plastiki lenye barakoa, spesa, na mara mtoto alipoliona alirudi nyuma hadi ukutani, akageuza uso, akaanza kulia kwa kwikwi. Mama alimshika kichwa kwa upole wa mtu aliyelifanya hilo mara mamia, akabana barakoa, akabonyeza mara mbili. Niliona mvuke ukitoka pembeni mwa shavu. Mtoto anayelia hupumua nje kwa muda mrefu na kuvuta ndani kwa ghafla, na dawa nyingi hugonga koo na kumezwa. Sehemu ndogo mno ndiyo hufika mapafuni. Kwa hiyo dawa ambayo mama aliapa kwamba hakuikosa hata siku moja, na hakudanganya, kwa kiasi kikubwa haikuwa imefika. Hulka ya mtoto ilikuwa imeingia kati ya pampu na pafu, na hilo halihitaji nadharia yoyote ya kotisoli.

Kisha lile swali likaja. “Daktari, ni mimi niliyemfanya awe hivi? Yule mama yangu alipofariki, nililia sana nikiwa namnyonyesha.” Nilimjibu: “Hapana, mama. Alizaliwa na mwili unaosikia kila kitu, na kifua alichokirithi. Wewe ulifiwa, ukaachwa peke yako na mtoto mgumu kumtuliza, na ukamtuliza kila usiku.” Nilimwambia pia ukweli uliobaki, kwamba mzigo wake unamfikia mtoto, na kwamba ndiyo maana mzigo huo unastahili kupunguzwa kwa ajili yao wote wawili. Naamini mzazi anaweza kuyabeba maneno hayo yote mawili yakisemwa pamoja. Yakitenganishwa, la kwanza huwa faraja tupu na la pili huwa shutuma.

Kilichonipa moyo kumwambia hivyo ni kazi ya Thomas Boyce, ambaye mwaka 1995 alichapisha tafiti mbili za watoto wadogo na magonjwa ya njia ya hewa. Watoto ambao miili yao iliitikia kwa nguvu, wakiwa katika mazingira yenye msongo mwingi, waliugua kuliko wote. Watoto wa hulka hiyo hiyo, wakiwa katika mazingira matulivu, waliugua kidogo kuliko wote, hata kuliko wale wagumu kushtuka. Kama hivyo ndivyo, basi hulka ya mtoto huyu isiandikwe kwenye faili kama kasoro. Ni kipaza sauti, kinachokuza kila kinachoingia, na mtoto wa namna hii ndiye atakayefaidika zaidi na kila tunachokibadilisha.

Tulianza na spesa, na tuliacha kipimo cha dawa kama kilivyokuwa. Kwa wiki mbili kopo hilo lilikaa nyumbani kama kifaa cha kuchezea, mtoto akampa dawa dubu wake wa kuchezea, akachora macho juu ya plastiki. Baadaye aliondolewa barakoa, akafundishwa kuvuta kwa mdomo, akihesabu pumzi tano kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa umri wake alikuwa tayari kabisa, na ni sisi tuliochelewa. Ukurutu ulitibiwa mpaka usiku ukawa wa kulala. Mama alionana na mshauri kwa ajili ya sonona yake, ambayo ilikuwa haijawahi kuulizwa na mtu yeyote katika miaka sita, na shangazi wa mtoto akakubali kulala pale nyumbani siku mbili kwa wiki. Mwalimu aliombwa jambo moja tu: mabadiliko ya darasani amwambie mtoto siku moja kabla.

Katika miezi 12 iliyofuata alihitaji vidonge vya steroidi mara moja, na hakulazwa. Siwezi kusema ni kipi kilichosaidia, kwa kuwa tulifanya mengi kwa pamoja, na watoto wengine hupata nafuu kadiri wanavyokua. Nikilazimishwa kuchagua, ningesema dawa iliyoanza kufika mapafuni ilifanya kazi kubwa kuliko mengine, na kwamba isingefika kama tungeendelea kumshikilia kwa nguvu mtoto ambaye mwili wake hausahau kushikiliwa.

Muhula ujao anahamia shule nyingine. Atatembelea darasa jipya mara mbili kabla ya siku ya kwanza, akiwa na mama na likiwa tupu, na dawa ya kuzuia haitapunguzwa katika kipindi hicho hata kama kifua kitaonekana safi. Mama atakuwa na maelekezo ya siku mbili za mwanzo. Kadi ya kliniki, ambayo kwa kawaida tungeiandika wiki ya pili baada ya kuanza shule ili kuona kama amezoea, tumeiandika mwanzoni mwa wiki ya tano.